Nahau za Kiingereza katika vikao vya biashara: ipi ni ahadi, ipi ni makadirio, ipi ni kukataa

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wanaovuka mipaka yetu wanajua Kiingereza cha kutosha kusoma ankara, kujaza fomu za forodha na kuelewana na mteja kwenye simu. Tatizo huanza kikaoni. Hapo meneja wa kampuni ya mizigo, ofisa wa benki au mnunuzi kutoka nje huzungumza kwa nahau, yaani maneno ambayo ukiyatafsiri moja moja hayakupi maana iliyokusudiwa. Mtu anasikia habari za mpira katikati ya mazungumzo ya saruji, anabaki kushangaa, lakini anaitikia kwa kichwa kwa sababu anaona aibu kuuliza.

Aibu hiyo ina gharama. Tuchukue mfano wa msafirishaji wa Tunduma mwenye malori matatu. Mwenye mzigo anamwambia kwa Kiingereza kwamba dola 5,000 kwa lori ni "ballpark figure" na kwamba wamekubaliana "in principle". Msafirishaji anatoka na furaha, anayaweka malori yake pembeni na kukataa mzigo mwingine. Baada ya wiki moja anaambiwa bei kamili ni dola 4,200 na mkataba bado haujaidhinishwa. Hakuna aliyemdanganya. Maneno yote mawili yalimweleza wazi kuwa bei haijapangwa na mkataba haupo, ila yeye hakuyaelewa.

Katika makala hii hatukuzipanga nahau kwa alfabeti. Tumezipanga kwa maswali ambayo mfanyabiashara anapaswa kuwa na majibu yake kabla hajanyanyuka kwenye kiti: Hii ni bei au makadirio? Tumekubaliana au bado? Wamenikataa? Kazi iko kwa nani na kwa lini? Nani analipa?

Kwa nini Kiingereza?

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliagiza Kiswahili na Kifaransa navyo viingizwe kuwa lugha rasmi. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga, na hivyo wazungumzaji wa Kiswahili wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wakaingia katika soko hilo. Hata hivyo mikataba mingi ya usafirishaji, bima na mikopo bado huandikwa kwa Kiingereza, na kikao kinachoitangulia mara nyingi huendeshwa kwa lugha hiyo hiyo.

1. Hii ni bei au makadirio?

"Ballpark figure": makadirio ya juu juu. Ballpark ni uwanja wa mchezo wa besiboli huko Marekani. Anayetaja bei ya namna hii anasema tu kwamba bei halisi itakuwa karibu na hapo. Usinunue mafuta wala usipange posho ya dereva kwa kutegemea namba hii.

"Give or take": zaidi au pungufu kidogo. "Twenty-eight tonnes, give or take" maana yake tani 28 hivi. Msafirishaji awe macho hapa, kwa sababu mizani haijui "hivi". Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa jumla wa tani 56, gari pamoja na mzigo, na kila ekseli ina ukomo wake. Omba uzito uliopimwa.

"Bottom line": ina maana mbili. Ya kwanza ni mstari wa mwisho wa hesabu, unaoonyesha faida au hasara. Ya pili ni msimamo wa mwisho. Mtu akisema "my bottom line is 4,200", amefika mwisho wake, au walau anataka uamini hivyo.

"Meet halfway" na "split the difference": kukutana katikati. Wewe unataka dola 3,000, yeye anatoa 2,600, mnamalizia 2,800. Kabla hujakubali angalia kama bei uliyoanza nayo ilikuwa na nafasi ya kushuka.

"Across the board": kwa vyote bila kubagua. Punguzo la asilimia 5 "across the board" ni punguzo kwa kila bidhaa iliyo kwenye orodha, si kwa ile mliyokuwa mkiizungumzia tu.

"Break even": kurudisha gharama bila faida wala hasara. "In the red" ni kuwa katika hasara au deni, na "in the black" ni kuwa katika faida. Rangi hizi zinatokana na desturi ya kuandika hasara kwa wino mwekundu kwenye vitabu vya hesabu.

2. Tumekubaliana au bado?

"Agree in principle": tumekubaliana kimsingi. Wazo limekubaliwa, lakini bei, tarehe na masharti bado. Ni hatua nzuri, ila si ya kupakia mzigo.

"Subject to contract": hakuna anayefungwa mpaka mkataba utiwe saini. Kwa sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo mzizi wa sheria za mikataba za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, maneno haya juu ya barua huonyesha kuwa pande mbili bado zinajadiliana. Ukiyaona usianze kutumia fedha zako.

"Gentleman's agreement": makubaliano ya mdomo yanayosimama juu ya uaminifu wa watu wawili. Biashara nyingi za mpakani zinaendeshwa hivi na zinakwenda salama, hadi siku mmoja anapofariki, kuhama au kuuza kampuni.

"On the same page": tunaelewana. Maneno haya hayasemi kwamba tumekubaliana. Mnaweza kuelewana vizuri kabisa kwamba bei yako ni kubwa mno kwake.

"Sign off": kuidhinisha. "Head office has to sign off" maana yake aliye mbele yako hana mamlaka ya mwisho. Muulize ni nani anayeidhinisha na itachukua siku ngapi.

"Green light": ruhusa ya kuanza. "Done deal": jambo limekwisha. Haya ndiyo maneno unayoyataka, na hata haya yaombe kwa maandishi.

"No strings attached": bila masharti yaliyofichika. "Small print": maandishi madogo ya mwishoni mwa mkataba, ambako masharti mazito hupenda kukaa. "In black and white": kwa maandishi.

Tuongeze msemo mmoja wa kisheria unaosumbua wengi. Barua yenye maneno "without prejudice" huandikwa wakati wa mgogoro, kwa mfano shehena ikiharibika. Maana yake mwandishi anatafuta suluhu bila kukiri kosa, na kwa kawaida yaliyomo hayawezi kutumiwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Kwa hiyo akikupa dola 500 katika barua ya namna hiyo, hajakubali kwamba anadaiwa.

3. Wamenikataa?

Sisi pia hatupendi kukataa uso kwa uso. Tunasema "tutaona" au "tutawasiliana", na anayejua anajua. Kiingereza cha ofisini nacho kina "tutaona" zake.

"We'll get back to you": tutakujibu. Kama haikutajwa siku ya kujibiwa, usikae unasubiri. Uliza: "By which day?"

"We'll bear it in mind": tutalikumbuka. Mara nyingi hakuna kitakachofanyika.

"With all due respect": kwa heshima zote. Linalofuata ni kupinga.

"Put it on the back burner": kuweka sufuria kwenye jiko la nyuma. Jambo limeahirishwa bila tarehe. "Let's park that" ni hivyo hivyo, tuliegeshe kwanza, na lori lililoegeshwa haliingizi fedha.

"Take a rain check": asante, siku nyingine. Asili yake ni tiketi waliyopewa watazamaji wa besiboli mchezo ulipokatizwa na mvua.

"Take it offline": tulizungumze nje ya kikao. Si lazima iwe kukataa. Huenda mtu hataki bei itajwe mbele ya washindani wako, hivyo mfuate baada ya kikao.

"Up in the air": halijaamuliwa. "Play it by ear": tutaamua kadiri mambo yatakavyokwenda. Maneno yote mawili yanakuonya usitoe ahadi kwa mtu wa tatu.

4. Neno "table", linalogombanisha hata wenye lugha

Kwa Mwingereza, "to table a proposal" ni kuleta pendekezo mezani lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kinyume chake, yaani kuliweka kando lisijadiliwe. Winston Churchill anaeleza katika kitabu chake cha vita kilichotoka mwaka 1950 jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Waingereza walitaka kuu-"table" kwa sababu ulikuwa wa haraka, na Wamarekani walikataa kwa sababu nao waliuona wa haraka. Wote walikuwa wanataka jambo moja.

Nchi zetu zilizotawaliwa na Mwingereza zinafuata maana ya Uingereza. Hata katika Bunge la Tanzania tunasikia habari za hati za kuwasilisha mezani. Lakini ukiwa na mnunuzi wa kahawa au mfadhili kutoka Marekani, usikisie. Muulize kama mnalijadili leo au siku nyingine.

Meza ina nahau nyingine pia. "The offer is on the table" ni kwamba pendekezo lipo na linasubiri jibu lako. "What do you bring to the table?" ni kukuuliza una mchango gani, kama vile malori, mtaji, ghala au wateja. Ile ya chini ya meza tutaifikia.

5. Kazi iko kwa nani, na kwa lini?

"The ball is in your court": mpira uko upande wako. Nahau hii inatoka kwenye tenisi. Ukiisikia, jua kwamba wao wamemaliza sehemu yao na hawatakupigia simu tena. Wafanyabiashara wengi hupoteza kazi hapa, kila upande ukimsubiri mwenzake.

"Get the ball rolling": tuanze kazi. "Drop the ball": kuharibu kazi uliyokabidhiwa kwa uzembe.

"Touch base": kuwasiliana kwa muda mfupi. "Keep me in the loop": nijulishe kila kinachoendelea. Mwenye mzigo akikuomba hivi, anataka ujumbe lori likifika mizani, likiingia boda na likitoka, bila kusubiri akuulize.

"Pass the buck": kumrushia mwingine lawama au kazi. Rais Harry Truman wa Marekani alikuwa na kibao mezani kwake chenye maneno "The buck stops here", yaani lawama inaishia hapa.

"My hands are tied": ningependa kukusaidia lakini sina mamlaka. Muulize mwenye mamlaka ni nani.

"Red tape": urasimu, karatasi na mihuri mingi. Asili yake ni utepe mwekundu uliotumika Uingereza kufungia mafungu ya nyaraka za serikali na za kisheria.

"In the pipeline": linaandaliwa, liko njiani. Wauza mafuta wawe makini zaidi, kwani bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968, na katika biashara hiyo "diesel in the pipeline" inaweza kuwa dizeli ya kweli ndani ya bomba, au dizeli ambayo bado ni mpango wa mtu kichwani.

"By Friday": isizidi Ijumaa. "First thing tomorrow": kesho ofisi zikifunguliwa tu. "Close of business": mwisho wa saa za kazi za siku hiyo. Ukiwa unavuka mpaka uliza pia ni saa za nchi gani. Tanzania iko mbele ya Zambia na Lubumbashi kwa saa moja, na ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni Nakonde inafungwa wakati Tunduma ni saa kumi na mbili.

Angalia na tarehe. 04/05 kwa Mwingereza ni tarehe 4 Mei, kwa Mmarekani ni tarehe 5 Aprili. Andika jina la mwezi.

6. Nani analipa?

"Foot the bill" na "pick up the tab": kulipa gharama. Kabla ya kuondoka ujue nani ana-"foot the bill" ya kontena kuchelewa bandarini, ya lori kusimama boda na ya ukaguzi wa pili.

"On the house": bure, mwenye duka analipa. "Cost an arm and a leg": ghali mno.

"Go Dutch": kila mtu ajilipie. Ukialikwa chakula cha mchana na neno hili likatajwa, uwe na fedha mfukoni.

7. Maneno ya kukutahadharisha

"Under the table": malipo ya siri. "Grease someone's palm": kutoa hongo. Kiingereza kinasema kupaka mkono grisi, sisi tunasema chai au kitu kidogo, na kesi mahakamani ni ile ile.

"Off the books": fedha isiyoingizwa kwenye vitabu vya hesabu. "Cook the books": kupika hesabu, kama tusemavyo wenyewe.

"Cut corners": kuruka hatua ili kuokoa muda au fedha. Ukiambiwa lori unalonunua lilitengenezwa kwa "cutting corners", usilinunue. Kinyume chake ni "by the book", yaani kwa kufuata taratibu zote.

"Turn a blind eye": kujifanya huoni. Inasimuliwa kwamba katika vita vya Copenhagen mwaka 1801, admirali Horatio Nelson aliweka darubini kwenye jicho lake bovu ili asione ishara ya kumtaka arudi nyuma. Mtu akikuahidi kwamba ofisa fulani atafanya hivyo, kumbuka kwamba ofisa huyo akibadilishwa zamu, mzigo unabaki kuwa wako.

8. Kiswahili chetu ndani ya Kiingereza

Makosa hayatoki upande mmoja. Nasi tunahamisha Kiswahili chetu kwenye Kiingereza, na mgeni anatuelewa vibaya.

Pole na "sorry". Kwa Kiswahili unampa mtu pole hata kama hukuhusika na yaliyompata. Kwa Kiingereza "sorry" inaweza kusikika kama kukiri kosa. Dereva anayesema "I'm sorry" mbele ya magunia yaliyolowa amempa mwenye mzigo neno la kumshikia. Ni salama zaidi kusema "I am sorry to hear that", nasikitika kusikia hivyo, kisha kueleza kilichotokea.

Nakuja na "I'm coming". Sisi husema nakuja hata tunapoondoka, au lori likiwa bado Morogoro. Mgeni anayesikia "I'm coming" anafungua geti la ghala na kuita wapakuaji. Taja mahali na saa: "I am in Morogoro. I will arrive at six in the evening."

Saa. Saa tatu asubuhi ni "nine o'clock". Anayejua vizuri naye hukosea akiwa amechoka, kwa hiyo kwenye ujumbe andika saa kwa tarakimu za saa 24, kama 09:00.

Tuko pamoja. Kwetu ni kuonyesha kuwa tunasikilizana au tunaungana mkono. "We are together" kwa mgeni ni watu wawili walio mahali pamoja, au wapenzi. Sema "I understand" kama umeelewa, na "I agree" kama umekubali. Usiseme la pili ukimaanisha la kwanza.

9. Maswali ya kuokoa mzigo

Huhitaji kuzijua nahau zote. Unahitaji sentensi chache za Kiingereza chepesi, zikikaa mdomoni bila woga:

"Is that the final price?" Je, hiyo ndiyo bei ya mwisho?

"Is that a yes or a no?" Je, hiyo ni ndiyo au hapana?

"Who decides, and by which day?" Nani anaamua, na kufikia siku gani?

"Who pays if the truck waits at the border?" Nani analipa lori likisubiri boda?

"What do you mean by that?" Una maana gani? Ukiuliza kwa sauti ya upole hakuna atakayekudharau. Mara nyingi kuna mwingine kikaoni ambaye naye hakuelewa na atakushukuru kimoyomoyo.

Baada ya kikao, siku hiyo hiyo, tuma ujumbe mfupi wa barua pepe au wa simu usio na nahau hata moja. Mfano: "Thank you for the meeting today. We understand that the price is 4,500 US dollars per truck, final. Loading is on Monday, 8 June, in Dar es Salaam. If a truck waits more than 3 days at the border, you pay 150 dollars a day. Please confirm." Kwa maneno mengine, umetaja bei ya mwisho, siku na mahali pa kupakia, fidia ya kusubiri, na umemwomba athibitishe. Akithibitisha, pakia. Akijibu kwa nahau nyingine, bado hamjakubaliana.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msafirishaji wetu wa Tunduma angeuliza maswali mawili tu, la bei ya mwisho na la nani anaamua, malori yake matatu yasingekaa wiki nzima yakisubiri mzigo ambao haukuwa wake. Kuuliza si ujinga, na huko mpakani ni rahisi kuliko kulipia siku moja ya lori kusimama.